Umepewa notisi uondoe mifugo nyumbani? Fanya hivi kabla siku hazijaisha

Mvua za Desemba zikishaanza tu, simu yangu haipumziki. "Kaka, bwana afya ameniachia karatasi, anataka nguruwe waondoke ndani ya siku saba." "Mjumbe, jirani amenishtaki kwa mtendaji kisa jogoo." Ujumbe wangu wa serikali ya mtaa uliisha uchaguzi wa 2019, lakini hapa Mbeya ukishaitwa mjumbe umeitwa. Maswali ni yale yale kutoka Ilomba, Uyole, Isyesye, na siku hizi hata Kihesa na Mtwivila kule Iringa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo naandika mara moja.

Mwongozo huu ni wa anayefuga nyumbani, ng'ombe wawili watatu wa maziwa, nguruwe, mbuzi, kuku au mbwa, ndani ya eneo la jiji, manispaa au mji, ambaye ameshapata notisi au anaona inakuja. Wewe ambaye harufu ya banda la jirani inakuingilia chumbani, kuna sehemu yako kule chini.

Kitu kimoja ukiweke kichwani tangu mwanzo: notisi nyingi hazianzi na sheria, zinaanza na jirani. Afisa hana muda wa kupita nyumba kwa nyumba akihesabu nguruwe. Kuna mtu alipiga simu. Ukishughulika na karatasi ukamwacha aliyepiga simu, utapata karatasi nyingine mwezi ujao.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Notisi yenyewe, karatasi halisi, na nakala mbili za fotokopi.
- Daftari la mifugo: wako wangapi, umri, chanjo na tarehe zake, jina la mtaalamu aliyechanja. Kama huna, anza leo na usibuni tarehe za nyuma.
- Hati au ofa ya kiwanja, au karatasi ya urasimishaji. Angalia mstari wa matumizi. Kama imeandikwa makazi, ujue hilo kabla hujasimama mbele ya mtu.
- Simu yenye kamera.
- Namba za simu za afisa mifugo wa kata, afisa afya wa kata, mtendaji wa mtaa na mwenyekiti.
- Koleo, chokaa, na magunia matatu ya maranda au pumba ngumu za mpunga. Sitanii. Utaona kazi yake kwenye hatua ya nne.

Hatua ya 1: Soma notisi yote, mpaka muhuri

Watu wanasoma neno "ondoa" tu, wanaanza kutetemeka. Tafuta mambo matano: nani ameiandika, ameiandika kwa sheria gani na kifungu gani, kosa ni nini hasa, unatakiwa kufanya nini, na ndani ya siku ngapi. "Ondoa mifugo" na "ondoa kero inayotokana na mifugo" ni amri mbili tofauti kabisa. Ya pili inakuruhusu kubaki na mifugo ukirekebisha. Nimeona mama mmoja akiuza nguruwe watano kwa bei ya kutupa ilhali karatasi yake ilisema azibe mtaro.

Andika tarehe na saa uliyoipokea nyuma ya karatasi, na jina la aliyeileta. Ukiambiwa usaini, saini na weka tarehe. Kusaini maana yake umepokea, haina maana umekiri.

Onyo: usiichane, usimfukuze aliyeileta, na usimzuie kukagua akija saa za kazi na kitambulisho. Kumzuia afisa afya ni kosa jingine linalojitegemea, na hapo unakuwa umempa kesi rahisi kuliko ile aliyokuja nayo.

Hatua ya 2: Uliza sheria ndogo, uipate kwa maandishi

Hapa ndipo mabishano mengi yanapopotea. Halmashauri za miji zinatunga sheria ndogo kwa mamlaka ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, Sura ya 288. Sheria ndogo haiwi sheria kwa sababu diwani ameisema kwenye mkutano. Inapita baraza la madiwani, inaidhinishwa na waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo. Hiyo namba ndiyo unayoitafuta. Nenda ofisi ya kata kwanza, wakikosa nenda kitengo cha sheria cha halmashauri. Omba kwa adabu: "Naomba kusoma sheria ndogo iliyotajwa kwenye notisi yangu." Iringa ukianza na *kamwene*, na Mbeya ukianza na *ugonile*, mlango unafunguka haraka zaidi kuliko ukianza na "haki yangu".

Ukiipata, soma vifungu vinne: kinachosema nani anatakiwa kibali cha kufuga, idadi inayoruhusiwa, masharti ya banda, na adhabu. Piga picha kurasa hizo.

Mambo matatu yanayochanganya watu:

Moja, muhtasari wa mkutano wa mtaa si sheria ndogo. Mtaa unaweza kukubaliana kwamba mbuzi wasizurure, na ni vizuri, lakini mtaa hauwezi kujitungia faini. Kijiji ni tofauti: halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo za kijiji, ambazo zinaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kwa hiyo jibu la mtu wa Isyesye haliwi jibu la ndugu yake aliyeko kijijini Rungwe.

Mbili, ile hadithi ya "mjini unaruhusiwa ng'ombe wanne". Inatoka kwenye kanuni za kilimo cha mijini za 1992, zilizotaka ng'ombe wasiozidi wanne, wafungiwe ndani na kuletewa majani. Usiende nayo kama ngao. Mbele ya hakimu kinachosomwa ni kifungu kilichoandikwa kwenye hati ya mashtaka yako.

Tatu, hoja ya "ng'ombe wangu walikuwepo kabla ya lami". Naielewa sana. Mbeya ilipata hadhi ya jiji 2005, na maeneo kama Iganzo na Isyesye yalikuwa mashamba watu wakifuga bila kuulizwa. Lakini hoja hiyo haikupi ruhusa. Inakupa sababu nzuri ya kuomba muda, basi.

Hatua ya 3: Jua afisa anaogopa nini

Kwa nguruwe, hofu ni mbili, na zote ni za kweli katika nyanda hizi zetu. Ya kwanza ni tegu. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha binadamu mwenye minyoo, mwilini mwake vinaota vifuko vyeupe kama punje za mchele. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu. Mayai ya tegu kutoka kwa mtu huyo yakiingia kwenye chakula au maji ya mwingine, yanaweza kwenda mpaka kwenye ubongo na kuleta kifafa. Mbozi, Mbeya na Iringa tumelijua tatizo hili kwa miaka mingi. Kwa hiyo nguruwe aliye nje ya banda hana wakili. Mfungie leo hii.

Ya pili ni homa ya nguruwe. Haimpati binadamu, lakini ikiingia mtaani haina dawa ya kuitibu na inafuta mabanda yote. Kwa mbwa ni kichaa: bila cheti cha chanjo ya kila mwaka, usibishane na mtu. Kwa ng'ombe na kuku, mara nyingi ni harufu, nzi na maji machafu, na hayo yanaangukia kwenye Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009.

Hatua ya 4: Zunguka banda lako kama mgeni

Hii ndiyo hatua kubwa, na ndiyo watu wanairuka kwa sababu haina muhuri. Toka nje ya geti. Zunguka mpaka upande wa jirani, simama pale anapoanika nguo zake, saa nane mchana jua likiwa kali, halafu tena saa mbili usiku. Wewe pua yako imeshazoea, kwa hiyo nenda na mtu asiyefuga.

Nikueleze tulivyofanya kwa mfugaji mmoja wa nguruwe, mtaa nisioutaja. Jirani alilalamika miezi mitatu. Mwenye nguruwe alikuwa anasafisha banda asubuhi na jioni, sakafu ya zege inang'aa, na alikuwa na hasira za haki. Afisa afya alipokuja, hakwenda bandani. Alisimama katikati ya uwanja, akageuza uso kidogo kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la bluu lililokuwa limeegeshwa kwenye ukuta wa jirani. Ndani kulikuwa na machicha ya komoni, ile pombe ya kienyeji, ya siku nne, juu yameota ukungu, nzi wamejaa mdomoni mwa pipa. Nguruwe hawakuwa na kosa. Pipa ndilo lililokuwa linanuka, na lilikuwa halina mfuniko. Shilingi elfu chache za mfuniko, na pipa likahamishiwa upande wa pili. Kesi ikafia pale.

Kwa hiyo kagua kwa mpangilio huu:

1. Chakula. Machicha ya bia au komoni, mabaki ya hotelini, dagaa waliooza. Funika, na usiweke ya zaidi ya siku mbili.
2. Mkojo. Huu ndio unanuka kuliko kinyesi. Sakafu iwe na mteremko, mfereji uishie kwenye shimo lililofunikwa, usiishie kwenye mtaro wa barabara.
3. Samadi. Lundo lisilofunikwa likinyeshewa linatiririka mpaka kwa watu. Weka turubai juu, na tafuta mkulima wa kuichukua kila wiki. Viazi na mahindi vinaisubiri, hutakosa mtu.
4. Matandiko. Samadi kavu hainuki sana, iliyolowa ndiyo balaa. Maranda yanakausha. Iringa na Njombe mna bahati, mashine za mbao za Mafinga zinayatoa kwa magunia. Mbeya tumia pumba ngumu za mpunga unaotoka Mbarali. Usitumie maranda ya mbao zilizotiwa dawa.
5. Umbali. Banda limeegemea ukuta wa jirani? Sogeza, hata kama ni mita tatu tu, kama kiwanja kinaruhusu.
6. Sauti. Jogoo wa saa kumi alfajiri hashauriki. Ukitaka mayai tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Mitetea hutaga bila yeye.

Piga picha kabla na baada, kutoka sehemu ile ile uliyosimama.

Hatua ya 5: Nenda kwa jirani

Nenda baada ya kurekebisha, si kabla. Ukienda na ahadi atasikia maneno, ukienda na banda safi ataona kazi. Usiende na trei la mayai kana kwamba unamhonga. Mwambie: "Jirani, nimepewa karatasi, na nimeona kweli tulikuwa tunakukosea. Nimefanya hivi na hivi. Ukisikia harufu tena, nigongee mimi kwanza." Mpe namba yako. Kama kuna umri kati yenu, mtangulize mzee wa familia au mwenyekiti wa mtaa.

Usimuulize kama ndiye aliyeshtaki. Atakataa, na mtakuwa mmeanza upya.

Hatua ya 6: Omba wataalamu waje tena

Mwombe afisa mifugo wa kata aje akague na aandike. Ripoti yake ya ukurasa mmoja, yenye idadi ya mifugo, hali ya banda, chanjo na ushauri, ina uzito kuliko maelezo yako ya saa nzima. Kisha mwombe afisa afya afanye ukaguzi wa marudio kabla siku za notisi hazijaisha. Wawili hawa wana bosi tofauti na macho tofauti. Mmoja anataka mifugo iishi vizuri, mwenzake anataka majirani waishi vizuri. Wakija pamoja utaokoa wiki nzima.

Hatua ya 7: Andika barua

Simu haina kumbukumbu. Andika kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kupitia kwa mtendaji wa kata, nakala kwa afisa mifugo. Mfano:

> YAH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA NA UKAGUZI WA MARUDIO
>
> Mimi ni mkazi wa mtaa wa ......, kata ya ....... Tarehe ...... nilipokea notisi yenye kumb. na. ...... ikinitaka ....... Hadi leo nimeshafanya yafuatayo: ....... Naomba siku ...... ili nikamilishe ......, na naomba ukaguzi wa marudio tarehe ....... Naambatisha picha na taarifa ya Afisa Mifugo.

Ukurasa mmoja, usizidishe. Usianze kueleza historia ya ugomvi wenu na jirani tangu kikao cha maji. Peleka nakala mbili: moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na muhuri ni sawa na hujapeleka.

Hatua ya 8: Faini au mahakama

Siku zikiisha na hujatekeleza, sheria ndogo nyingi zinaruhusu kosa lififilishwe: unakiri kwa maandishi, unalipa, hufikishwi mahakamani. Kama kweli umekosea na kiasi unakimudu, lififilishe uendelee na maisha. Kama hujakosea, usikiri kwa ajili ya kumaliza tu, kwa sababu kukiri kunaandikwa, na mwakani wewe ni mkosaji wa mara ya pili.

Malipo yote yanapitia namba ya malipo ya serikali, ile tunayoiita kontrol namba, na stakabadhi inatoka papo hapo. Anayetaka "ya soda" mkononi, au faini itumwe kwenye namba yake binafsi, huyo hakusanyi mapato ya halmashauri. TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113.

Ukifikishwa mahakamani, nenda na daftari, picha, barua yenye muhuri na taarifa ya afisa mifugo, zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Huna uwezo wa wakili? Tafuta msaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri anajua walipo. Na kama ni wewe unayetaka kuishtaki halmashauri, fahamu kuna notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa. Ni safari ndefu kwa ajili ya mbuzi wawili.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuhamisha nguruwe usiku kwenda kwa shemeji mtaa wa pili. Kesho yake shemeji naye ana notisi, na kama kuna homa ya nguruwe umeisambaza wewe.

Kuchinja nyumbani ili "kumaliza tatizo" na kupeleka kwenye kitimoto cha rafiki. Nyama isiyokaguliwa ni kosa zito kuliko lile la banda.

Kumwita diwani kwanza. Diwani anatunga sheria ndogo na anaweza kukusemea barazani, lakini notisi haiondoi yeye. Anza na aliyeiandika.

Kubandika picha ya afisa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Hapa hata mimi sikusaidii.

Mambo yakikwama

*Notisi inasema niondoe nguruwe ndani ya siku saba, lakini kuna karantini.* Hili limewatesa wengi. Karantini ikitangazwa, nguruwe hawatoki wala hawaingii, kwa hiyo amri mbili za serikali zinagongana juu ya kichwa chako. Usichague mwenyewe ipi uivunje. Mwombe afisa mifugo aandike kwamba eneo lina zuio, ambatisha kwenye barua ya hatua ya 7, omba utekelezaji usimame mpaka zuio liondolewe. Wakati huo funga banda, usiruhusu mtu wala mbwa kuingia.

*Mgambo wamekamata mbuzi wangu barabarani.* Nenda siku hiyo hiyo. Dai karatasi inayoonyesha wamekamatwa wangapi, wapi, saa ngapi. Gharama za kuwatunza zizini zinapanda kila siku, kwa hiyo ukiwa na malalamiko, toa mbuzi kwanza ulalamike baadaye. Hereni za utambuzi zinakurahisishia kuonyesha ni wako.

*Mimi ni mpangaji.* Notisi inakuhusu wewe mfugaji, lakini mwenye nyumba anaweza kukuondoa bila kusubiri halmashauri. Mpigie yeye kabla hajapigiwa na jirani.

*Nimerekebisha kila kitu, jirani bado anashtaki.* Omba mwenyekiti wa mtaa awaite wote wawili na afisa afya awepo, pale bandani, si ofisini. Maandishi yafanyike. Jirani akisaini kwamba siku hiyo hakukuwa na harufu, una karatasi. Akikataa kuja, andikeni kwamba aliitwa hakuja.

*Mimi ndiye ninayelalamika.* Wewe nawe una kazi. Andika tarehe na saa za kero kwa wiki mbili: harufu, maji yaliyoingia kwako, nzi, nguruwe aliyeingia bustanini. Gonga hodi kwa jirani mara moja. Asiposikia, nenda kwa mtendaji wa mtaa na daftari lako, kisha afisa afya, kwa maandishi na muhuri. Usitie sumu. Nimeona mbwa na kuku wakifa hivyo, na aliyekuwa na haki akageuka mshtakiwa.

*Kiwanja changu ni kidogo, ng'ombe ni watatu, na sheria ndogo hairuhusu hata mmoja.* Hapo usipigane. Tumia barua kuomba miezi ya kuhama badala ya siku. Tafuta eneo la kukodi nje kidogo, na uhamishe kwa kibali cha afisa mifugo. Ng'ombe mwenye mimba ya miezi ya mwisho aachwe azae kwanza. Liandike hilo kwenye barua, na afisa mifugo alithibitishe.